Ziara sita kwa mtaalamu wa misuli ya nyonga baada ya kutolewa kizazi: tathmini kutoka Unguja

Naandika tathmini hii kwa ajili ya wanawake waliotolewa kizazi ambao kidonda chao kimefunga vizuri, daktari ameshawaambia kwamba wamepona, na bado kila wakiingia msalani hutoka na jasho la maumivu. Mimi ni mkaazi wa Chake Chake, Pemba. Nilipasuliwa kwa sababu ya fibroidi, yaani uvimbe wa kwenye kizazi, zilizonitoa damu kwa miaka, kizazi kikaondolewa pamoja na mlango wake, na vifuko vya mayai vikaachwa. Kwa upande wa damu nilipata nafuu kubwa, Alhamdulillahi. Lakini ilipofika wiki ya nane nilikuwa na maumivu mapya ya aina mbili: ya kibofu, yaliyokuwa yakinishika mkojo unapoanza kujaa na kuzidi pale ninapomalizia kukojoa, na ya utumbo, mazito, ya nyuma, yaliyokuwa yakianza kabla ya haja kubwa na kubaki kwa nusu saa nzima baada yake.

Huduma ninayoitathmini ni ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, ya misuli ya chini ya nyonga, katika kliniki ndogo ya binafsi iliyoko Ng'ambo, mjini Unguja. Nilikwenda mara sita katika wiki tisa, nikiwa nimefikia kwa shangazi yangu. Ziara ya kwanza nililipa shilingi 40,000, na tano zilizofuata shilingi 30,000 kila moja. Jina la kliniki silitaji, kwa kuwa humu mna sifa na mna lawama, na ninachotaka msomaji akijue ni namna huduma ya aina hii inavyopaswa kuwa, ili aweze kuipima popote atakapoipata.

Kwanza nieleze nilivyofika huko, maana bila ya hayo sifa zangu hazitaeleweka. Katika hospitali niliyopasuliwa, mpira wa mkojo ulitolewa asubuhi ya siku ya pili, na hakuna aliyerudi kuniuliza kama nimekojoa, wala kwa kiasi gani. Nilikuwa nikitoa matone, nikidhani ndivyo inavyokuwa. Niliruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya maumivu vyenye kodeini pamoja na vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu, bila ya kuambiwa kwamba dawa za jamii ya kodeini hupunguza mwendo wa utumbo na kwamba vidonge vya chuma navyo hufunga choo. Nilikaa siku sita bila ya kupata haja kubwa. Siku ya saba nilijikaza mpaka macho yakaingia kiza, nikiogopa mshono utaachia, na tokea siku ile mwili wangu ukaanza kujikunja wenyewe kila nilipokaribia mlango wa choo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo naona wanawake wengi wanalifanya. Kwa kuwa kukojoa kunaniuma, nikapunguza maji, na shangazi akaniunga mkono kwa mapenzi yake yote: “Usinywe maji mengi mwanangu, kidonda cha ndani kitachelewa kukauka.” Nikamjibu, “Ndiyo shangazi,” nikawa nanywa vikombe viwili kwa siku katika joto la Januari. Mkojo ukawa mzito, wa rangi ya chai, ukawa unaniwasha. Choo kikawa kigumu kama kokwa, na utumbo uliojaa ukawa unakigandamiza kibofu, ambacho nacho kikawa kinaniita kila baada ya dakika arubaini.

Jambo la kwanza ninaloisifu kliniki hii ni kwamba mtaalamu alikataa kunigusa siku ile niliyofika. Ni msichana wa umri wa binti yangu wa kwanza, aliniamkia, akanisikiliza bila ya kunikatiza, kisha akasema, “Mama, mimi siwezi kuanza kabla sijaona majibu ya mkojo na barua ya daktari wako.” Aliniuliza kama nina homa, kama mkojo unanitoka wenyewe mfululizo kwa njia ya uke, kama kuna usaha au harufu, kama ubavuni panauma, kama tumbo limewahi kujaa nikatapika na nisiweze kutoa hata upepo. Alieleza kwamba mwenye lolote katika hayo si mgonjwa wake, ni mgonjwa wa hospitali, na aende siku hiyo hiyo. Mkojo wangu ulikutwa na maambukizi, nikatibiwa kwa dawa za daktari, na nafuu ya robo hivi niliipata kabla mazoezi hayajaanza.

Niliporudi alichukua mto mdogo, chungwa na taulo lililokunjwa, akavipanga juu ya kitanda. Chungwa lilikuwa kizazi. Mbele yake mto, ndio kibofu. Nyuma yake taulo, ndio mwisho wa utumbo. Kisha akaliondoa chungwa, na vile viwili vilivyobaki vikalaliana. Akanieleza kwamba ili kizazi kitoke, mpasuaji hulazimika kukibandua kibofu kilichokishikilia kwa mbele, kwamba baadhi ya neva za kibofu hupita kandokando ya mlango wa kizazi, na kwamba utumbo ukishikwashikwa wakati wa upasuaji huzubaa kwa siku kadhaa. Makovu ya ndani nayo huweza kuvishikanisha viungo vilivyokuwa vikiteleza. Miezi miwili nilikuwa nimeishi na mwili ambao hakuna aliyewahi kunichorea ramani yake.

Nilikwenda pale nikitarajia kufundishwa kubana. Kila niliyemuuliza alinitajia mazoezi ya kubana njia, yale yanayojulikana kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyeyaeleza katika maandishi yake ya mwaka 1948, na nilikuwa nimeshayaanza peke yangu kwa bidii, mara mia kwa siku, nikishangaa kwa nini maumivu yanazidi. Katika ziara ya pili, baada ya kuniomba ruhusa na kunieleza kwamba nina haki ya kukataa, alinipima kwa kidole kimoja chenye glovu. Alipogusa upande wa kushoto niliruka. Akatoa mkono, akasema, “Mama, misuli yako haijalegea. Imekaza, na haijui tena kuachia. Leo hatubani chochote.”

Kwa upande wangu, shilingi zote nilizolipa zililipia sentensi ile. Misuli inayoshika mkojo na choo ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kufunguka ili vitoke. Iliyokaza kwa hofu ya maumivu huuma yenyewe, na kuiongezea kubana ni sawa na kukaza fundo lililokwisha kukwama. Mtu anayevuja kwa sababu ya udhaifu hufaidika kwa kubana, na yeye hufundishwa abane mara 8 au zaidi, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Lakini anayeumwa kama mimi huanza upande wa pili, na bila ya kupimwa huwezi kujua wewe ni yupi.

Kufundishwa kuachia kulichukua muda kuliko nilivyodhani, na tatizo lilikuwa la lugha. Alikuwa akiniambia “legeza”, nami nikilegeza mabega, nikilegeza miguu, na kule chini kukabaki vile vile. Katika ziara ya tatu akajaribu njia nyengine. Akaniuliza kama nimewahi kuchota maji kisimani. Nikamwambia utoto wangu wote, Pemba. Akasema, “Ile pumzi inayotoka yenyewe ukishatua ndoo, kabla hujasema neno, ndiyo ninayoitaka.” Nikalala chali, miguu juu ya kiti, mkono tumboni, nikavuta pumzi tumbo likapanda, nikaitua ndoo, na hapo nikasikia kitu kikishuka ndani yangu, kidogo tu, kama leso inayofunguka fundo. Nikatokwa na machozi. Yeye akanipa kitambaa, akaniambia nirudie mara kumi.

Kazi ya nyumbani ilikuwa daftari na jagi ya plastiki yenye mistari ya vipimo, niliyoinunua Darajani. Kwa siku tatu niliandika kila ninachokunywa, kila ninachokojoa, saa na kiasi. Siku ya kwanza nilikwenda mara 17, na mara nyingi zilikuwa mililita 60 au 80, ilhali kibofu cha mtu mzima huchukua kwa kawaida kati ya mililita 300 na 500. Kuiona hesabu ile kwa mkono wangu mwenyewe kulinifahamisha zaidi kuliko maelezo yoyote. Tulianza kurefusha nafasi kwa dakika 15: haja ikinijia mapema nilikaa, nikavuta pumzi, nikanyanyua visigino na kuviteremsha mpaka wimbi lipite, kisha nikaenda kwa kutembea, si kwa kukimbia. Maji yalirudi kidogo kidogo, kikombe kimoja kila baada ya saa moja na nusu hivi, badala ya kuyagugumia kwa mkupuo. Vinywaji na vyakula hakunipigia marufuku kwa jumla; alinitaka niondoe kimoja kimoja, wiki kwa wiki, nione. Kwangu mimi aliyekuwa mkorofi ni chai ya rangi, tena ile ya asubuhi kabla ya kula. Ukwaju, niliokuwa nimeuogopa na kuuacha, haukunifanya kitu.

Kuhusu haja kubwa, nitasema kwa urefu kwa sababu hili huonewa haya kuliko la mkojo. Choo cha nyumbani kwa shangazi ni cha kuchuchumaa. Mkao wa kuchuchumaa wenyewe unasaidia sana utumbo kunyooka, lakini mtu aliyepasuliwa tumbo anapotaka kuinuka hukosa pa kushika, na hofu ya kuinuka humfanya akaze tokea anakaa. Mtaalamu alipendekeza kiti cha plastiki kilichokatwa tundu, kiwekwe juu ya choo, na kigoda kifupi chini ya miguu ili magoti yawe juu kuliko nyonga. Mtoto wa shangazi alikikata kiti kwa kisu kilichopashwa moto, akasugua kingo kwa msasa. Nikikaa, ninainama mbele, viwiko juu ya magoti, mto mdogo umekumbatia mshono, na badala ya kuzuia pumzi na kujikaza ninapuliza polepole kama anayechochea moto wa mkaa. Kama hakuna kitu baada ya dakika kumi, ninaondoka. Wakati mzuri ni nusu saa baada ya uji wa asubuhi, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo wa chini nao huamka.

Alinirudisha kwa daktari kuhusu dawa, na kodeini ikabadilishwa kwa paracetamoli. Maganda ya mbegu za ispaghula, yanayouzwa katika maduka ya dawa, alinipa kwa sharti moja alilolirudia mara tatu: kijiko kimoja katika glasi kamili ya maji, inywewe hapo hapo, na glasi nyengine ifuate. Maganda hayo hunyonya maji na kuvimba, na anayeyala bila ya maji ya kutosha hujiziba zaidi. Papai, mchicha na uji wa mtama vilifanya kazi yake pia. Maharage niliyaacha kwanza, kwa sababu ya gesi.

Naona wajibu kulitaja na suala la udhu, kwa kuwa ndilo lililonitesa moyoni kuliko maumivu yenyewe. Nilikuwa na matone yanayotoka nikikohoa, na kila sala ilikuwa shaka. Ustadhati wetu alinituliza kwamba mwenye udhuru wa mkojo usiozuilika hujisafisha, akajihifadhi, akatawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kwa kila faradhi, na sala yake ni sahihi. Mtaalamu naye alinionyesha jambo ambalo nisingeliliona. Kwa kuogopa kuvunjikiwa na udhu nilikuwa nikijilazimisha kukojoa kabla ya kila sala, hata kama nilikwenda saa moja iliyopita, na kisha nikikamua matone ya mwisho kwa kujikaza na kukandamiza tumbo. Kibofu kilikuwa kinazoeshwa kuita kikiwa kitupu, na misuli ikisukumwa mara tano kwa siku. Alinishauri nikae, nisubiri, niiname mbele kidogo, nisimame, nikae tena, matone yatoke bila ya kusukumwa. Hili limenisaidia pengine kuliko zoezi lolote. Aliniambia vile vile kwamba gesi ikinishika nikae mkao kama wa kusujudu, kifua chini na nyonga juu, na kweli upepo hutoka; kwa muda ule nilikuwa bado nasali juu ya kiti.

Kuhusu mkaja, shangazi na mtaalamu walikutana uso kwa uso, kwa kuwa shangazi alinisindikiza katika ziara ya nne akiwa na hoja zake. Alikuwa amenifunga kwa mkono wake kama anavyofungwa mzazi, madhubuti. Mtaalamu alimwamkia, akamsifu kwa ufungaji wake, kisha akaomba nafasi ya vidole viwili kati ya kitambaa na tumbo, na kitambaa kianzie chini ya mshono kupanda juu, kwa sababu kinachobanwa sana katikati husukuma uzito kuelekea chini, juu ya kibofu na misuli ile ile inayouma. Shangazi alifikiri kidogo, akasema, “Basi tufunge hivyo.” Tokea siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha kunywa maji. Heshima ile aliyopewa mzee wangu naihesabu kuwa ni sehemu ya tiba.

Sasa lawama zangu, nazo si ndogo. Kliniki iko ghorofa ya kwanza, ngazi zake za mbao zina mwinuko mkali na hakuna cha kushikia upande wa kulia. Choo kiko chini, ng'ambo ya ua, na mgonjwa wa kibofu anapaswa kuteremka na kupanda tena. Siku moja sikuwahi. Benchi la kusubiria ni moja kwa wanawake wenye matatizo ya nyonga na wanaume wenye migongo na magoti, na mpokezi aliwahi kuniita kwa sauti, “Mgonjwa wa mkojo aingie,” mbele ya watu saba. Nilimweleza mtaalamu na aliomba radhi, lakini jambo kama hilo linatosha kumfanya mwanamke asirudi tena. Pazia la chumba cha uchunguzi ni jepesi mno, na chumba hakina mlango unaofungwa kwa ufunguo. Karatasi ya mazoezi niliyopewa iliandikwa kwa Kiingereza kitupu. Mimi nilisoma skuli nikaweza kuifuata kwa taabu, lakini mwenzangu kutoka Makunduchi aliyekuwa akisubiri pamoja nami alikuwa anaangalia picha tu, na picha ya kubana na ya kuachia zinafanana. Kuchelewa kwa miadi kulikuwa kwa kawaida ya dakika 40 au zaidi.

Kuna na jambo ambalo mtaalamu hakulianzisha mpaka nilipouliza mwenyewe katika ziara ya tano, nalo ni tendo la ndoa. Alipoulizwa alijibu vizuri na kwa adabu: nisikimbilie kabla ya daktari kuruhusu, nitumie pumzi ile ile ya kuachia, na maumivu yasivumiliwe kwa kunyamaza. Lakini asiyethubutu kuuliza angeondoka bila ya jibu.

Katika thamani ya fedha, ziara nne za kwanza zilistahili kila shilingi. Ya tano na ya sita zilikuwa za kukagua daftari na kuongeza muda, na naamini zingeweza kufanyika kwa simu, hasa kwa mgonjwa anayelazimika kuvuka bahari na kukaa nyumba ya watu. Kumsogelea mgonjwa wa Pemba ni jambo ambalo kliniki ingelifikiria.

Matokeo yangu kwa sasa ni haya. Ninakojoa mara 8 au 9 kwa siku, mara nyingi zaidi ya mililita 250. Usiku naamka mara moja. Maumivu ya mwisho wa mkojo yamekwisha, isipokuwa nikisahau kunywa maji siku nzima. Ya utumbo yamepungua sana lakini hayajaondoka. Yakija hukaa dakika tano, na hunijia zaidi siku nilizokaa kitako muda mrefu nikikuna nazi. Kovu la tumboni, ambalo alinifundisha kulisugua kwa vidole baada ya daktari kuthibitisha kwamba limefunga, sasa linateleza badala ya kuvuta. Kuinua ndoo iliyojaa bado sijaruhusiwa, nami sijaribu. Kubana, kule nilikokutarajia siku ya kwanza, tumekuanza ziara ya sita tu, sekunde tatu tatu, na kila kubana mara moja nikiachia kwa muda mara mbili ya huo.

Nilipokwenda Unguja mara ya kwanza kwa matibabu haya, katika boti nilikaa kiti cha karibu na msala na niliingia mara nne. Safari ya kurudi nilikaa dirishani. Niliingia mara moja, tukiwa tumeshaiona bandari ya Mkoani, nikakaa, nikangoja, na mkojo ukatoka wenyewe.